Tumba la Kula, Ua la Kutazama

Katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, ardhi ni haba na kila tuta lina hesabu yake. Mtu akipanda kisicholiwa, majirani humwuliza sababu. Nasi tulipotia miche minne ya atichoki mbele ya nyumba, mahali palipozoea maharage, hatukukawia kuulizwa.

Atichoki asili yake ni nchi za pwani ya Bahari ya Mediterania, nao ni wa ukoo mmoja na alizeti. Majani yake ni marefu, yamechanika pembeni, na rangi yake ni kijani kilichochanganyika na fedha. Ukistawi hukaribia kimo cha mita 2. Kila mche wataka nafasi ya mita moja au zaidi, samadi ya kutosha, na udongo usiotuamisha maji.

Mwaka wa kwanza hatukupata ila majani. Mmea huu kwa kawaida hungoja majuma kadhaa ya baridi ndipo utoe matumba, na baridi yetu ni ya kiasi tu. Mzee jirani alisimama penye ua akatuambia kwa upole, “Mwalimu, hapa pangetoa debe la viazi.” Hatukuwa na jibu. Tulikumbuka methali tunayowafundisha wanafunzi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Baada ya baridi ya Juni na Julai ya mwaka uliofuata, matumba yalichomoza, kila moja limejifunika magamba mithili ya samaki. Hapo ndipo ulipo mtihani wa atichoki. Tumba likikatwa kabla magamba hayajafunguka, ni chakula. Likiachwa, huchanua ua la zambarau linalopendwa mno na nyuki, lakini haliliki tena. Tumba moja halitoi yote mawili. Sharti mwenye bustani achague.

Tulikata matumba makubwa ya kileleni, tukayaacha madogo ya pembeni yachanue. Tuliyachemsha kwa muda wa dakika 40, hata gamba likawa lang’oka kwa kuvutwa kidogo, kisha tukamwalika Mzee. Huliwa kwa mkono: gamba huchovywa katika siagi na ndimu, na nyama ya shinani pake hukwanguliwa kwa meno. Ndani kabisa mna manyoya ya kutupwa, na chini yake kitako laini, ambacho ndicho kitamu chenyewe. Mzee alicheka kuona sahani ya maganda imejaa kuliko matumbo yetu. Alipokunywa maji akashangaa kuyaona matamu. Atichoki huwafanyia hivyo watu wengi, kwa sababu ya kemikali iliyomo ndani yake.

Kisha akauliza, “Na kwa Kiswahili chenu huitwaje?”

Neno “chenu” lilituchoma, maana miaka mingi tumefundisha ili siku moja liwe “chetu”. Tulimweleza safari ya jina. Waarabu waliuita mmea huu al-kharshuf; Wahispania wakapata alcachofa, Wataliani carciofo, na kwa njia hiyo Wafaransa na Waingereza wakapata majina yao. Kiarabu kilitupa kitabu na karatasi, lakini neno hili lilielekea kaskazini, kwa kuwa mmea wenyewe haukuwa chakula cha pwani yetu. Tukiandika “atichoki” leo, twapokea mjukuu wa Kiarabu aliyezunguka Ulaya kwanza. Mzee alisikiliza, asiseme neno.

Mbegu za atichoki mara nyingi hutoa miche isiyofanana na mama yake. Kwa hiyo wakulima hupendelea kutenga machipukizi ya shinani. Mzee aliomba mawili, nasi tukampa. Siku moja tulimsikia akimkemea mjukuu wake: “Usikanyage mitichoki yangu! Tichoki moja nitaliacha lichanue.”

Mti ameuweka penye mchungwa na mwembe, tunda penye chungwa na embe, bila kamusi wala kamati. Twawaachia walimu wenzetu waamue lipi liandikwe vitabuni. Sisi hatukumsahihisha.