Chini

Gari la baba ni Corolla 110, namba A. Kwa mtu wa Dar es Salaam sina haja ya kuongeza neno: herufi moja kwenye pleti namba inatosha kueleza umri wa gari na hali ya mfuko wa mwenyewe. Watu sasa wako namba E. Baba aliliendesha kama teksi Kariakoo kwa miaka kumi na moja, na ndilo lililotulipia ada, mimi na kaka yangu. Mwaka jana alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Yalibaki machache: "ndiyo", "maji", jina la mama, na "chini".

Kila Jumanne na Ijumaa alitakiwa hospitali kwa mazoezi ya viungo. Kaka anafanya kazi Mwanza, mama hajui kuendesha, kwa hiyo dereva nikawa mimi. Nilihama hosteli, nikarudi nyumbani Ilala na rasimu ya tasnifu ambayo sikuwa naigusa. Asubuhi tunamkalisha baba kiti cha mbele, mama anakaa nyuma, nageuza ufunguo. Siku nyingine gari linawaka. Siku nyingine linasema "tak", mara moja tu, linanyamaza. Taa zinawaka vizuri, redio inaimba, injini haizunguki.

Hapo ndipo baba alipoanza. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye boneti, akasema, "Chini. Chini."

"Anataka kushuka," mama alisema siku ya kwanza. Tukamshusha. Akakasirika mpaka machozi yakamlengalenga. Tukampandisha tena. Hospitali walikuwa wametueleza kwamba mtu aliyepata kiharusi anaweza kung'ang'ania neno moja hata kama halihusiani na jambo lililopo. Tukaliweka "chini" kwenye fungu hilo, tukaacha kulisikiliza.

Fundi wa kwanza alisema stata imekufa. Alileta nyingine ya mtumba, akaifunga, gari likawaka kwa wiki moja na siku mbili. Fundi wa pili alisema betri. Nikanunua betri mpya, gari likawaka kwa wiki mbili. Sikujua wakati huo kwamba kila mmoja, alipokuwa akifungua na kufunga, aliutikisa waya uleule, na kwamba kutikiswa huko ndiko kulikokuwa kunatuponya kwa muda. Nilikuwa nimetumia karibu laki nne. Fedha hizo zilikuwa za kwenda kukusanya data.

Kaka akapiga simu. "Uza hiyo skrepa, dada. Kwa hela hiyohiyo mtapanda bajaji mwaka mzima." Alishapata mnunuzi, na mnunuzi alishatuma picha ya gari kwa ndugu yake. Mama hakusema kitu. Nami nilikuwa nimechoka kiasi cha kukubali.

Ijumaa iliyofuata, tukitoka hospitali, niliachia klachi vibaya kwenye taa za Fire, gari likazimika. Nikageuza ufunguo. Tak. Nyuma yetu daladala zinapiga honi, pembeni mwendokasi linapita na abiria wamesimama wakituangalia. Baba akapiga dashibodi kwa kiganja cha kushoto. "Chini! Chini!"

"Baba, hatushuki hapa!" nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia baba yangu kelele. Akageuza uso dirishani.

Vijana wawili wa bodaboda walitusukuma mpaka likawaka. Mmoja wao akaniambia, "Dada, usizime. Nyoosha na Msimbazi hadi Gerezani, kuna mzee wa umeme wa magari. Huyo habahatishi."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, chini ya mwavuli uliochanika, mbele ya duka la spea. Nilimwamkia, nikazima gari, nikaanza kumweleza habari za stata na betri. Aliniacha nimalize. Kisha akatoa mita, akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini.

"Washa, binti yangu."

Tak. Akanigeuzia mita nione. Volti nne na kitu.

"Hapa palitakiwa pasome karibu na sifuri. Mbili ya kumi, tatu ya kumi, basi. Betri yako inatoa kumi na mbili, na nne zinapotelea njiani kabla hazijarudi. Stata itakula nini?"

Nilimwambia taa zinawaka. Akacheka. Akanieleza kwamba taa zina ethi yao, waya mwembamba unaofungwa kwenye bodi, na tena taa hula umeme kidogo. Stata ndiyo mlaji. Kila mtu hutazama waya mwekundu, yaani moto, kwa sababu ndio unaopeleka. Lakini umeme haumwagiki ukifika. Ukishaizungusha stata unapita kwenye chuma cha injini, unashuka kwenye giaboksi, unapanda kwa waya mweusi hadi kwenye betri ulikotoka. Njia ya kurudi ikiziba, na ya kwenda imeziba.

Baadaye nyumbani nilipiga hesabu mwenyewe, kwa kanuni ambayo Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827 na ambayo sote tuliikariri sekondari bila kuihitaji. Stata ya injini ndogo inaweza kuvuta ampea mia na hamsini inapoanza kuzunguka. Kutu ikiongeza ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, tayari umepoteza volti moja na nusu. Taa ya ampea tano ingepita kwenye kutu hiyohiyo na kupoteza volti 0.05, usingejua.

Mzee alinionyesha pia kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli. Plastiki yake ilikuwa imeanza kuyeyuka. Umeme uliokosa njia yake ulikuwa unajaribu kurudi kupitia hapo. Nilikuwa nimesikia harufu ile mwezi mzima nikadhani ni mitaro ya Ilala.

Kisha akalala kifudifudi juu ya injini, mkono wote ndani, akapapasa. "Ndiyo huyu. Kwenye giaboksi, chini huku."

"Chini," baba alisema kutoka kwenye kiti chake.

Mzee aliinua kichwa. "Eeh, mzee mwenzangu. Chini kabisa."

"Ndiyo," baba alisema. "Ndiyo. Ndiyo."

Mama aliweka mkono mdomoni. Mimi nilishindwa pa kutazama. Alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza, kwa neno moja alilobakiwa nalo, na neno lenyewe lilikuwa sahihi.

Waya ulipotoka, ulikuwa wa kijani kama shaba iliyosahauliwa baharini. Hewa ya chumvi ya mji huu huingia chini ya plastiki na kula nyuzi moja moja. Nje waya unaonekana mzima. Mzee alinituma Kariakoo kununua mwingine, na kabla sijaondoka akanipa kisu. "Ukwangue. Ukiwa mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Urudishe. Na uupime mkononi, shaba ni nzito."

Duka la kwanza ulikuwa mweupe. La pili mweupe. Muuzaji wa duka la tatu aliponiona na kisu aliguna, akaenda nyuma, akarudi na mwingine. Ulikuwa mwekundu mpaka ndani, na bei yake ilikuwa mara mbili. Nikanunua wa hasi, wa chanya, na kipande cha ziada.

Mzee aliniacha nifanye mwenyewe, yeye akielekeza. Hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilipuke cheche. Nilisugua giaboksi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu rangi na kutu havipitishi umeme. Nikakaza nati, nikapaka grisi juu ili unyevu usirudi. Kipande cha ziada tulikifunga kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi. "Njia ya pili ya kurudi," mzee alisema. Nilimuuliza kwa nini inaitwa ethi wakati gari limekaa juu ya mipira minne na haligusi ardhi. Alisema hilo niwaulize walimu wangu. Nimeshasoma: jina limebaki kutoka zama za simu za maandishi, pale Steinheil wa München alipogundua, mwaka 1838, kwamba waya wa kurudi unaweza kuachwa kabisa na ardhi yenyewe ikafanya kazi yake.

Mita ilisoma 0.1. Nilimwomba baba awashe. Alivusha mkono wa kushoto mbele ya usukani, akageuza ufunguo, na gari likanguruma kama lilivyonguruma nikiwa darasa la nne.

Njiani nilimwomba radhi kwa zile kelele za Fire. Alisema "ndiyo", na sijui kama alikuwa ananisamehe au anathibitisha kwamba nilikosea. Jioni nilimpigia kaka, nikamwambia amwombe radhi mnunuzi pia.

Hiyo ni miezi mitatu sasa. Gari halijakataa hata asubuhi moja. Juzi, tukiwa tayari kuondoka, baba alisema, "Maji." Mama alikuwa ameshafungua chupa anataka kumimina kikombeni.

"Subiri kidogo, mama," nilisema.

Nilimtazama baba mkono wake ulikokuwa unaelekea. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaangalia rejeta. Maji yalikuwa yamepungua.