Siki Haikuwa Yake

Kwa miaka miwili, kila kachumbari ilipoandaliwa nyumbani kwetu Hombolo, kulikuwa na mtu wa kuomba siki kwa jina la mpwa wangu. "Hebu nisogezee siki ya fulani." Watu wanacheka, chupa inapita mkono kwa mkono. Nami nilikuwa naipokea, namimina, nampasia wa pili. Mwenye jina hakuwepo kusikia. Alikuwa mjini Dodoma akiendesha bodaboda, na aliyemfukuza pale nyumbani ni mimi, kwa kosa nililolifanya mwenyewe.

Nieleze tangu mwanzo, maana mwanzo wenyewe haukuwa na ubaya.

Zabibu kwetu si kitu cha jana. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana ili wapate divai ya misa, na Wagogo wakaona kwamba mti ule unaipenda ardhi yetu hii ya vumbi na mvua ya kubahatisha. Ukiupogoa vizuri unavuna mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, kisha tena Agosti na Septemba. Marehemu baba alikuwa na shamba lake. Nilichojifunza kwake ni kimoja: zabibu haina ghala. Mahindi utayaficha mpaka bei ipande, lakini zabibu ikiiva imeiva, na mnunuzi analijua hilo kuliko wewe. Anakuja kwa kuchelewa, anataja bei huku akitazama pembeni, na unakubali. Ndiyo maana nilipopata akili ya utu uzima niliapa kwamba sisi tutakamua wenyewe. Kiapo hicho sikijutii.

Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwelikweli, mimi nilikuwa mhasibu Dar es Salaam. Nikapiga hesabu: maofisa, wageni, hoteli, semina. Nikachukua kiinua mgongo, nikauza kiwanja cha Kigamboni, nikarudi. Kijijini wakanipa jina la Mhasibu. Januari 2018, mvua zikiwa zimetulia ardhini, tulipanda miche 900 ya aina nyekundu ya Makutupora. Dada yangu mkubwa alinipa kijana wake anisaidie. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na misimu miwili alikuwa amefanya kibarua kwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani anayetengeneza mchuzi wa zabibu nyumbani kwake. Mchuzi ndilo jina letu la mvinyo mbichi unaouzwa kwa jumla, kabla haujachujwa na kutiwa kwenye chupa.

Miche ikiwa bado inafika magotini, nilianza kujenga kiwanda. Sikuweza kusubiri. Nilitaka mtu anayepita barabarani aone. Nikaezeka bati jekundu bila dari, nikapiga vigae, nikajenga baraza ya wageni kuonjea. Kisha nikaagiza tangi la chuma kisichoshika kutu, la lita 2,000. Siku liliposhushwa kwenye lori watoto wa shule walisimama kulitazama, na mimi nikasimama karibu nalo kuliko ilivyohitajika.

Mpwa wangu alilizunguka, akaligonga kwa vidole, akasema, "Mjomba, hili kubwa. Kule kwa mzee tulikuwa tunatumia mapipa madogo, tunayajaza mpaka mdomoni."

Nikamjibu, "Mjomba, kule ni kule." Tunaitana hivyo hivyo, yeye na mimi.

Agosti 2019 tukavuna. Mizabibu ya mwaka mmoja na nusu haina mengi ya kutoa: tulipata kilo 700. Nikaona aibu kuweka hizo tu kwenye tangi langu, nikaenda kwa baba mdogo, nikachukua kilo 500 kwa mkopo, nikimwahidi bei nzuri kuliko ya walanguzi. Kilo 1,200 zikatupa lita 800 hivi. Mwenye kujua hesabu ameshaona: ndani ya tangi kulikuwa na lita 800 za mvinyo na lita 1,200 za hewa. Na mimi ndiye mhasibu.

Mwanzoni hewa haina madhara. Hamira inapokula sukari ya zabibu inatoa kilevi na gesi ya kaboni, na gesi hiyo inaufunika mvinyo kama blanketi. Kijana alikuwa anaamka alfajiri kuyazamisha makapi yanayoelea juu, anarudia mchana na usiku. Kazi hiyo aliifanya bila kuambiwa. Lakini sukari ikiisha gesi nayo inaisha, na hapo ndipo chombo kinatakiwa kijae, kifungwe, kiachwe. Ukiacha nafasi, hewa inaingia, na kwa hewa hiyo bakteria wanakigeuza kilevi kuwa siki.

Aliniambia tuuhamishe. Nakumbuka alikuwa ameshaosha mapipa manne ya plastiki, ya kuhifadhia chakula, ameyapanga kivulini yakauke. Nikamwambia ayarudishe stoo. Jumamosi nilikuwa na wageni kutoka mjini, watu niliofanya nao kazi zamani, na sikutaka wakute mvinyo kwenye mapipa ya plastiki huku tangi la mamilioni limekaa tupu. Wakaja. Nikapanda ngazi, nikafungua mfuniko, nikachota, wakaonja, wakasifu. Jumamosi iliyofuata wakaja wengine. Kila mfuniko ulipofunguliwa niliingiza hewa mpya, na Oktoba ile, joto la Dodoma likiwa chini ya bati lisilo na dari, nilikuwa napika siki nikidhani natengeneza jina.

Dalili ya kwanza ilikuwa harufu kama ya rangi ya kucha. Ya pili, vijinzi vidogo vikizunguka mfuniko. Nilipoonja, koo lilikaza.

Familia ikaitwa. Walikuja Mama, dada, baba mdogo na mkewe, wakakaa kwenye baraza ile ya wageni. Baba mdogo aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Imekuwaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Vyombo havikuoshwa vizuri." Sikutaja jina. Hakukuwa na haja, kwa sababu kila mtu alijua nani anaosha vyombo. Macho yote yakamgeukia kijana aliyesimama mlangoni na ndoo mkononi. Alinitazama mimi, si wao. Kisha akasema, "Kama Mjomba anasema." Akaiweka ndoo chini polepole, na asubuhi yake hakuwepo. Dada yangu aliacha kunipigia simu.

Miezi kadhaa baadaye nilimweleza mtaalamu mmoja wa zabibu yaliyonipata. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia usafi, aina ya hamira, joto. Aliniuliza swali moja tu: "Tangi lilijaa?" Nikanyamaza. Naye hakuuliza la pili.

Waliosema debe tupu haliachi kuvuma walinisema mimi. Baba mdogo nilimlipa kwa kuuza gari. Msimu uliofuata nilijaza mapipa mpaka mdomoni na kuyafunga, na mvinyo ukatoka mvinyo. Siki Mama alikataa imwagwe yote. Aliijaza kwenye chupa, akagawia majirani, akabakiza za jikoni, na ndipo utani wa jina ukaanza. Nilijua ukweli wote, na bado nilikula kachumbari ile nikicheka na wenzangu. Kupoteza lita 800 ni ujinga, na ujinga unasameheka. Kile kicheko sijui nikiite nini.

Mwishowe nilimfuata kijiweni kwake mjini. Tulisimama pembeni ya pikipiki yake, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akifuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na uchafu. Kisha akasema, "Shikamoo yako ipo palepale, Mjomba. Lakini ulinisema mbele ya Bibi. Hapa unaniomba radhi mbele ya watu wasiojua lolote."

Nilirudi Hombolo nimekasirika, na hilo nalo nalikiri. Nilidhani safari na nauli vimetosha. Ilinichukua mavuno mengine mawili kuelewa kwamba uongo nilioutupa barazani hauwezi kuokotwa kijiweni.

Tulipomaliza kukamua msimu huu niliwaita walewale: Mama, dada, baba mdogo na mkewe. Viti nilivipanga palepale. Nikasema vyombo vilikuwa safi. Nikasema kijana alinionya mara mbili na mapipa aliyaosha, mimi ndiye niliyeyarudisha stoo kwa sababu ya wageni. Nilimaliza haraka kuliko nilivyotarajia, kwa maana ukweli wenyewe haukuwa mrefu. Baba mdogo alitazama chini. Dada alitoka nje, na kupitia dirishani nikasikia anapiga simu, anaongea Kigogo kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu.

Kijana hajarudi kufanya kazi kwangu, na simwombi arudi. Ana pikipiki ya pili sasa. Alikuja Jumapili moja kumsalimia Bibi yake, akakaa, tukala pamoja. Kachumbari ilipofika, Mama alinyoosha mkono bila kumtazama mtu.

"Nipe siki ya Mhasibu."

Nikampa.