Boti nchi kavu, Dubai

Dubai Investments Park haina bahari: ni maghala, viwanda, majengo ya kupanga na vumbi la jangwani. Hata hivyo, karibu na ninapokaa kuna karakana inayopokea boti juu ya trela.

Juzi ililetwa moja ambayo mashine yake huwaka vizuri asubuhi, lakini ikizimika haiwaki tena mpaka ipumzike. Fundi, mtu wa Lamu, aliiwasha kwa maji ya bomba, akangoja izimike. Hakugusa plagi wala kabureta. Alishika kile kipira cha kupampia mafuta: kimenywea. Akalegeza kifuniko cha tenki, hewa ikaingia “fyuu”, mashine ikawaka. Tundu la hewa lilikuwa limeziba. Mafuta hayatoki kama hewa haiingii.

Usiku nikampigia kaka yangu, mvuvi wa Kilwa, aliyekuwa akingoja pesa za kabureta huku kusi limeanza kuvuma. “Kaka, ikizimika tena, fungua kifuniko kwanza.”

Ndugu msomaji, ukiombwa pesa za spea, uliza: inagoma ikiwa baridi au moto? Kipira kigumu au kimenywea? Na makasia yamo botini?