Jina la Kijiji na Kinywa cha Mgeni

Sisi tuliozaliwa chini ya theluji za Ruwenzori tumezoea kusikia majina ya nchi yetu yakirudi kwetu yamegeuzwa. Jina hutoka kinywani mwa wazee, hupita katika kalamu ya mgeni, huingia katika ramani, nasi karibu tusilitambue. Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuchekesha tu. Lakini yafaa tulitazame vema, maana ndani yake mna heshima ya mtu, na mara nyingine uhai wake.

Tuanze na mlima wenyewe. Stanley alipouona mwaka 1888 aliuita Ruwenzori, na dunia ikamfuata. Serikali ya Uganda siku hizi huandika Rwenzori. Wenyeji wa pande zote mbili, Wanande kwetu na Wakonzo ng'ambo ya mpaka, husema Rwenzururu, yaani mahali pa theluji. Kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, kilipandwa mwaka 1906 na mwana-mfalme Luigi wa Abruzzi, akakipa jina la malkia wa Italia, Margherita. Hapo zamu ya kuharibu ni yetu, maana jina hilo halikai sawa katika vinywa vyetu. Basi, kila taifa lina ulimi wake.

Tena kuna mambo ya herufi. Mbelgiji alipotaka kuandika sauti ya "ch" alilazimika kuweka herufi tatu, ndiyo sababu Ruchuru inaandikwa Rutshuru. Na Manguredjipa ina "dj" ambapo sisi tungeweka "j" peke yake. Katika Kinande sauti ya "b" mara nyingi hutamkwa kwa midomo isiyofungwa kabisa. Mmoja huisikia kuwa "b", mwingine "v". Kwa hiyo watu walewale huandikwa Bayira na Vayira. Mfaransa aliyefika jana naye husoma Butembo kwa desturi ya kwao: "u" huikaza midomoni, "em" huipeleka puani, na uzito wote huuweka mwishoni. Akimwuliza mchuuzi njia ya kwenda mji huo, atatazamwa kwa mshangao, na huenda amesimama katikati yake!

Wala si kwetu tu. Huko Marekani jimbo la Arkansas lilikuwa na ubishi juu ya jina lake, hata mwaka 1881 baraza lake likaamua kwamba "s" ya mwisho isisikike. Mji wa Houston katika Texas wenyeji wanauita Hyuston. Lakini barabara yenye maandishi hayohayo huko New York huitwa Hauston, na asiyejua hutambulika mara moja kuwa mgeni.

Je, kuna hasara gani? Tukumbuke desturi yetu. Wanande humpa mtoto jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Masika ni binti wa kwanza, Kambale ni mwana wa pili. Majina hayo wanayo maelfu ya watu. Ukitaka kumtambulisha Kambale mmoja kati ya hao, huna budi kutaja na kijiji chake. Kijiji kikitajwa vibaya, mtu amepotea.

Tuliliona jambo hili wakati wa Ebola, iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikakoma tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Ilibidi kuwatafuta wote waliomgusa mgonjwa, na kazi hiyo ilitegemea orodha za majina na vijiji. Tulimsikia mhudumu mmoja aliyetoka mbali akiita watu wa Vuhovi. Aliimeza ile "h", na majina ya watu akayakata. Mama mmoja alikaa kimya, asijue kwamba anaitwa yeye. Jirani yake akanong'ona: "Hawa hawatujui hata majina, watatuponyaje?" Neno hilo lilikuwa zito. Mgonjwa asiyemwamini mganga humkimbia, na akikimbia huenda na ugonjwa wake. Lakini mhudumu aliyemwuliza mzee, "Baba, jina hili mnalitamkaje?", huyo alipewa kiti.

Hata hivyo, sisi wenyeji nasi tujihadhari. Kitabu cha Waamuzi chasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya Yordani, wakamwamuru kila mpitaji kutamka neno "shiboleti". Aliyesema "siboleti" aliuawa. Wakafa Waefraimu 42,000. Naye Petro mtakatifu, usiku ule wa mateso, alitambulika kwa usemi wake wa Kigalilaya, akaogopa hata akamkana Bwana wetu. Katika nchi yetu, ambako tangu mwaka 2014 watu wa Beni wameuawa kwa wingi, na hofu imejaa njiani, ni rahisi mno kumpima mtu kwa ulimi wake na kumhesabu adui. Hiyo si njia ya Mkristu. Mgeni akikosea jina, tumsahihishe kwa upole, kama tumfundishavyo mtoto wetu.

Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wote kusema lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao. Na Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Enyi wanafunzi, mkienda kesho kusoma Kisangani au Kampala, ulizeni kwanza wenyeji jinsi wanavyoyataja majina yao. Nanyi wazazi, wafundisheni watoto kutamka vema majina ya vilima vyenu, wasiyaonee haya mbele ya mtu yeyote.