Urahisi wa Mchezo

Urahisi hupendwa na watu wote, walakini si kila kilichorahisishwa huwa bora. Njia iliyofyekwa miiba ni neema kwa msafiri. Bali njia ambayo msafiri hubebwa tangu mwanzo mpaka mwisho haimfundishi nchi aliyopita. Jambo hili huonekana katika michezo ya kompyuta. Mchezo ukipendwa, hufuatwa na wa pili na wa tatu, na aghalabu kila unaofuata hupunguziwa kanuni. Je, kupunguza huko huuboresha mchezo?

Waswahili walikuwa na swali hili katika bao kabla ya kompyuta. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Kila upande huanza na kete 10 tu ubaoni: sita katika nyumba, na nne katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 hubaki mkononi, zikaingizwa moja moja katika hatua ya namua. Zikiisha, huja hatua ya mtaji. Bao la kujifunza huondoa namua yote. Kila shimo hutiwa kete mbili, mkono hubaki mtupu, na mchezo huanza na mtaji. Mwanafunzi huzoea kula na kusambaza kete kabla ya kutwishwa mzigo wa kulinda nyumba. Hata hivyo, bao la kujifunza halijidai kuchukua mahali pa bao la Kiswahili. Jina lake lenyewe linatangaza kuwa ni mlango.

Katika mji wa Kiomboi, wilayani Iramba, mzee mmoja aliyejifunza bao alipokuwa akifanya kazi Tanga alitembelewa na mpwa wake, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo na kompyuta yake. Baada ya shikamoo na marahaba, kijana alimwonyesha mchezo aliousifu kwa wepesi wake. Mzee alitazama kwa muda, kisha akauliza, “Ukishindwa humo, mwanangu, huweza kujua ulikosea wapi?” Kijana akajibu, “Mjomba, humu ni vigumu kukosea. Mshale unanionyesha pa kwenda.” Mzee akasema, “Basi anayecheza ni mshale.”

Neno hilo lilikuwa kali, lakini linatoa kipimo kizuri. Mathalan, tutazame mfululizo wa The Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda ya Marekani, ambamo mchezaji huchukua uhusika wa msafiri katika nchi ya kubuni. Morrowind, wa mwaka 2002, ulikuwa na stadi 27. Oblivion, wa 2006, ulikuwa na 21. Na Skyrim, wa 2011, una 18. Sifa nane za msingi, kama nguvu, akili, wepesi na bahati, ziliondolewa katika Skyrim, na mchezaji apandapo daraja huchagua kuongeza uhai, uchawi au pumzi.

Idadi peke yake haihukumu. Katika Morrowind, upanga uliweza kuonekana ukimgusa adui, na hesabu iliyofichika ikaamua kuwa haukumpata. Mchezaji alishindwa bila ya kuona kosa lake. Oblivion uliondoa jambo hilo, na hakika hapo urahisi ulileta haki. Kadhalika, Skyrim haumlazimishi mgeni kuchagua kazi ya mhusika wake kabla ya kuujua mchezo. Stadi hukua kwa kutumiwa. Huo nao ni mlango uliopanuliwa, na wengi waliingia ambao wangalirudi kizingitini.

Lakini katika Morrowind njia ilielezwa kwa maneno: mto wa kufuata, daraja la kuvuka, upande wa kugeukia. Asiyesikiliza alipotea, na akirudi kuyasoma maelezo aliliona kosa lake. Oblivion ulitia alama katika dira, na Skyrim ukaendelea nayo. Msafiri hana tena haja ya kusikiliza wala kuitazama milima. Hapa kilichoondolewa si mzigo wa hesabu, bali ni uamuzi wenyewe.

Kwa hiyo urahisi una sura mbili. Ule unaoondoa adhabu isiyo na sababu huuboresha mchezo, hata kama kanuni zimepungua nusu. Ule unaoondoa nafasi ya kukosea huudhoofisha, hata kama wachezaji wameongezeka maradufu. Katika bao, kete ya mwisho ya mchezaji ikiangukia nyumbani wakati wa namua, huweza kulala au kuendelea, na uamuzi huo huweza kuamua mchezo mzima. Kumwondolea mwanafunzi uchaguzi huo kwa siku chache ni malezi. Kumwondolea daima ni kumwacha mtoto milele. Aliyezoea kuongozwa katika mchezo atatazamia mshale hata katika mambo yasiyo na mshale, na mambo hayo ndiyo mengi duniani.