Majengo ya Nairobi: Mji Mkongwe Usio na Bahari



Sisi watu wa pwani tukitajiwa mji mkongwe, fikira zetu huenda Lamu au Mombasa. Hivi karibuni tulialikwa nikaha jijini Nairobi, na baada ya swala ya Alasiri mwenyeji wetu akatutembeza Majengo, katika mtaa wa Pumwani, karibu na soko la Gikomba.

Nyumba kongwe zilizosalia tulizitambua mara moja: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ili Waafrika wa vijiji vya kandokando ya mji wahamishiwe hapo. Pangani, kijiji kikongwe zaidi, kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Lakini nyumba hizi walizijenga wenyewe, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi wa Kiislamu, waliojenga kwa fedha zao na kupangisha vyumba.

Leo maghorofa yanaziinukia pande zote. Barazani tulimkuta bibi mmoja mzee, tukamwamkia.

"Marahaba, sheikh wangu," akajibu. "Nyumba hii aliniachia mama aliyenilea. Chumba kile cha mbele wasichana husomea Kurani. Wanangu, mmoja ataka kuuza, mwingine ataka ghorofa. Hawasemezani, nami ningali hai."

Tukamweleza kwamba mirathi ina mafungu yake aliyoyapanga Mwenyezi Mungu. Kwamba wasia hauzidi theluthi moja, wala mrithi hausiwi. Na kwamba atakaye kuweka wakfu, na auweke angali mzima, mbele ya mashahidi, baada ya kumwuliza kadhi na kuthibitisha hati za nyumba.

Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mjukuu wake: "Lete daftari na kalamu. Kamwite na mjomba wako."

Tulikaa naye hata Maghribi ikaadhiniwa. Aliyoyataka yakaandikwa, ayapeleke kwa kadhi, na wanawe wawili wakaketi jamvi moja kusikiliza.

Tuliporejea kwetu tulifungua sanduku la hati zetu. Zilikuwamo risiti, vyeti na barua za zamani. Wasia haukuwamo. Miaka yote tumeusomesha msikitini, na wetu hatujauandika.

Usiku ule tuliuandika. Nanyi, ndugu zetu, fungueni masanduku yenu.

Wabillahi tawfiq.