Njugu si za Kupitishia Wakati

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini wengi wetu twaijua ya mtihani tu. Hebu leo, msomaji mpendwa, tuipeleke sokoni tuone itatwambia nini kuhusu njugu.

Ukitaja njugu, wengi hufikiria kile kifuko cha shilingi 10 kinachouzwa stendi ya matatu pale Litein. Tunazitafuna tukingoja gari lijae, basi. Hakuna anayesema "nimekula" baada ya kula njugu. Kwetu katika nchi hii ya majani chai, chakula ni kimyet, yaani ugali, kwa mboga, na maziwa yakiwepo. Njugu ni za kupitishia wakati.

Aliyenifanya nizitazame kwa jicho jingine ni kitinda mimba wetu. Mwaka jana, akiwa na miaka miwili, alianza kudhoofika. Mama huchuma majani chai. Hutoka alfajiri na kurudi jioni akishika kiuno. Mtoto hushinda kwa nyanya, ambaye sisi humwita kogo, na huko hupewa ugali na chai ya maziwa. Tumbo lilishiba, lakini mikono ilikuwa myembamba ajabu. Tulipompeleka kituo cha afya, muuguzi alimzungushia mkononi utepe wenye rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Kipimo kiliangukia nyekundu. Mama hakusema neno. Alitazama nje dirishani, na huko nje kulikuwa na chai, kijani kibichi mpaka macho yanapoishia.

Tulipewa vifuko vya chakula laini na kitamu. Nilipoyasoma maandishi yake nilikuta njugu karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Kumbe chakula cha aina hiyo kilibuniwa Ufaransa mwaka wa 1996, na kimeokoa watoto wengi ulimwenguni. Baada ya majuma kadhaa utepe ulisoma manjano, kisha kijani. Siku hizi kijana anafukuza kuku uwanja mzima!

Muuguzi alituonya kwamba njugu pekee haziwezi kutibu mtoto aliyedhoofika vile. Lazima apelekwe hospitali. Lakini mtoto akishapona, njugu zilizopondwa na kutiwa katika uji humsaidia asirudi alikotoka. Nzima nzima asipewe, maana zaweza kumkaba koo.

Kwa nini njugu zina nguvu hivyo? Njugu karanga ni jamaa ya maharagwe, ingawa matunda yake hukomaa chini ya udongo. Katika kila gramu 100 mna takriban gramu 25 za protini, ile inayojenga mwili, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mafuta hayo mengi ni ya aina isiyodhuru moyo. Aidha mna vitamini E, magnesiamu na zinki. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anayetembea saa nzima kila asubuhi atapata wapi nguvu kwa bei hiyo? Mandazi humshibisha mtu haraka, lakini njaa nayo hurudi haraka, hasa somo la hesabu likiwa alasiri!

Ni kweli kwamba baridi yetu na udongo wetu wa chai havipendwi na njugu karanga. Lakini Sondu si mbali, na huko akina mama kutoka upande wa Nyanza huzileta kwa magunia. Isitoshe, tunayo makadamia. Mti huo asili yake ni Australia, lakini umezoea nyanda zetu za juu. Kogo ana miti mitatu nyuma ya nyumba. Dalali akija, zote hupimwa na kwenda zake, kama vile chai yetu inavyokwenda mnadani Mombasa. Simlaumu kogo, kwani pesa hizo ni karo yangu. Ila tumekubaliana kwamba kila mavuno debe moja libaki nyumbani. Jioni tunazipasua kwa jiwe, na mama hupata fungu lake kabla ya mtu yeyote.

Hata hivyo, kila chenye tamu kina chungu yake. Njugu zilizoota kuvu, zilizonyauka au zenye uchungu mdomoni zitupwe bila huruma, kwani huenda zina sumukuvu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoharibika, na njugu nazo hushikwa nayo vilevile. Kuzikaanga hakuiondoi yote. Wako pia wenye mzio wa njugu. Hao wasijaribu hata punje moja. Chumvi nayo isizidi.

Fauka ya hayo, nina neno ambalo huenda likaniletea maadui hapa kijijini. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga, maharagwe na njugu. Kwa mtu wa nchi ya chai kusema hivyo ni kama mvuvi kulalamika juu ya samaki! Lakini sisemi tuache chai. Nasema tule kwanza, chai ingoje kama saa moja hivi.

Kwa hivyo, kupitia chama chetu cha Kiswahili, naomba kantini yetu iweke njugu zilizokaushwa vyema kando ya mandazi, kwa bei ileile ya shilingi 10. Wako wenzetu ambao hicho ndicho chakula chao cha mchana, kisha wanangoja mpaka jioni. Shilingi yao ni moja tu. Tuwauzie kitu cha maana.